Miliardi ya wote, daftari la mmoja: tukitazama tena filamu ya Dieudo Hamadi



Wiki mbili zilizopita tulikuwa watu kama thelathini katika sebule ya mwenzetu mmoja hapa Makiso, tukitazama "En route pour le milliard" ya Dieudo Hamadi. Mwenye nyumba alitundika shuka nyeupe ukutani, akaazima projekta, na Mungu akatusaidia: umeme haukukatika mpaka mwisho. Kisha mjadala ukawaka. Mimi nilisema neno moja ambalo halikupendeza wengi. Nilisema: "Filamu hii inatufundisha kudai feza, lakini haitufundishi kuongea juu ya feza." Mkubwa mmoja wa Fakulte ya Sheria akanijibu palepale: "Hiyo ni maneno ya mtu mwenye miguu yote mbili. Andika basi, tusome." Ndiyo hii nimeandika. Na jibu lake nitalirudia mbele, kwa sababu lilinichoma, na halikunichoma bure.

Kwanza, kwa wale hawakuiona. Filamu ni ya mwaka 2020. Hamadi ni mtoto wa hapa hapa Kisangani, aliyezaliwa mwaka 1984. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita wakati wa Vita vya Siku Sita, kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kati ya nyumba zetu. Sina haja ya kueleza sana kwa watu wa Boyoma. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka ndani ya mji. Hesabu ya watu wa Umoja wa Mataifa ilitaja raia zaidi ya 760 waliokufa na karibu 1,700 waliojeruhiwa, na wengi wetu tunaamini walikuwa zaidi. Filamu inafuata kundi la wahanga, wengi wao waliokatwa mguu ao mkono, wanaoamua kushuka mto mpaka Kinshasa, safari ya karibu kilomita 1,700, kwenda kudai haki yao kwa wakubwa wa Leta. Wanafika kule wakati wa joto la uchaguzi wa mwaka 2018. Milango inafungwa mbele yao.

Niseme wazi: ni filamu kubwa. Ilipochaguliwa kwenye orodha rasmi ya Cannes mwaka 2020, mwaka ambao Covid ilizuia tamasha lenyewe kufanyika kama kawaida, hatukupewa zawadi ya huruma. Ilistahili. Nitataja mambo matatu tu.

La kwanza, hakuna sauti ya mtu anayetuelezea. Hamadi anabeba kamera na kukaa na watu. Hakuna muzungu wa shirika anayetuambia tusikitike wapi. Wahanga wanagombana, wanacheka, wanajichokesha. Wanakuwa watu kabla ya kuwa wahanga.

La pili, mashua. Yeyote aliyeshuka mto huu anajua: siku hazina hesabu, turubai linavuja, mvua inakuja kutoka upande haukutegemea, na usiku unalala na kiwiko cha mtu usiyemjua ndani ya mbavu. Sasa weka humo watu wanaotembea kwa magongo. Hamadi haharakishi safari hiyo. Anatuacha tulowe pamoja nao.

La tatu, jukwaa. Katikati ya safari anakata na kutuonyesha wahanga walewale wakicheza tamthilia yao, wakiimba na kusema mambo yao gizani chini ya taa. Barabarani wanaomba kusikilizwa na hawasikilizwi. Jukwaani hakuna anayeweza kuwafunga mlango. Watu wengine wanaona vipande hivyo vinavunja mwendo wa filamu. Mimi naona ndivyo vinaishikilia.

Basi kasoro iko wapi?

Tutazame kichwa chake. Le milliard. Miliardi. Ni neno la wote. Linaimbwa, linadaiwa, linapigiwa kelele. Kila mtu wa mashua ile anasafiri kwenda kwa miliardi ile. Lakini hakuna mtu anayekula miliardi. Mtu anakula feza yake, na deni lake, na mahitaji ya watoto wake. Filamu inaongea kwa "sisi" toka mwanzo mpaka mwisho, na "sisi" hiyo ndiyo nguvu yake. Hapo hapo ndipo inapoacha kitu nje. Kamera inakaa kwenye mkutano, kwenye mashua, mbele ya Palais du Peuple, kwenye jukwaa. Haikai na mtu mmoja na daftari lake: anadaiwa na nani, ameahidi nini kwa nani, na feza zikifika leo, asubuhi ya kesho nani atabisha mlango wa kwanza.

Mtasema: mwaka 2018 swali hilo lilikuwa mapema, feza hazikuwepo. Ni kweli. Lakini sisi tunaitazama leo, na leo mambo yamebadilika. Korti ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ina kosa. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja hesabu: dola milioni 325, milioni 225 kati yake kwa madhara yaliyopata watu, 40 kwa mali, na 60 kwa utajiri wa udongo na pori. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya miliardi 11. Uganda ikaambiwa ilipe milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, kuanzia Septemba 2022, na awamu ya kwanza ikalipwa mwaka ule ule. Leta iliunda mfuko wa kugawa malipo hayo, FRIVAO, wenye makao hapa kwetu Kisangani. Neno ambalo ndani ya filamu lilikuwa ndoto limekuwa foleni, karatasi, orodha ya majina.

Kwa hiyo swali ambalo filamu iliweza kuliacha mwaka 2018 limefika mlangoni mwetu. Mtu aliyengoja zaidi ya miaka ishirini, siku jina lake likiitwa, anaongea na nani?

Naomba hapo niiache filamu kidogo, nitaje nyingine ya Hamadi huyu huyu, kwa sababu zinasaidiana. Mwaka 2014 alitoa "Examen d'État", aliyoipiga hapa Kisangani. Sisi wote tulipita humo: wanafunzi ambao hawajalipa primu ya walimu wanafukuzwa darasani, wanajikusanya kwenye nyumba ya kusomea, ile tunaita maki, wanachanga, wanasali, wanatafuta kila njia ya kupata diplomi. Angalia feza inavyotembea humo. Deni la mtoto ni jambo la watu wote. Anatolewa nje na wenzake wanaona. Anachanga mbele ya wenzake.

Hamadi hakubuni hiyo. Ndiyo maisha yetu. Hapa kwetu feza ina sehemu mbili tu za kukaa. Ya kwanza ni mbele ya watu. Michango ya matanga inasomwa kwa sauti, jina na hesabu. Sadaka inaitwa kanisani. Likelemba inakaa duara, kila mmoja anajua zamu ya nani na nani alichelewa. Sehemu ya pili ni siri ya kaburi. Bwana haambii bibi mshahara wake. Bibi haambii bwana faida ya makayabo. Mtoto aliye Kinshasa hawaambii wazazi kwamba kazi iliisha miezi minne. Kati ya kelele na siri, hakuna kiti cha tatu. Hakuna mahali ambapo watu wawili wanakaa, mmoja anafungua daftari lake lote, na mwingine anasikiliza bila kuwa na mkono ndani ya chungu.

Na msidhani nasema juu ya wengine. Mimi ni mwalimu, mnanijua. Kuna wakati niliingia kwa Banque Lambert. Kwa wale wadogo waliobarikiwa wasiojua: si banki, ijapokuwa imebeba jina la Wabelgiji. Ni mtu wa mtaa ao mwenzako wa kazi anayekukopesha leo dola 100, na siku ya mshahara unarudisha 130, 140, hata 150. Ukishindwa, faida inazaa faida. Mimi nilianza na 100 kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto. Baada ya miezi mitano nilikuwa nalipa mtu mmoja kwa feza ya mtu wa pili.

Niliongea na watu, ndiyo. Tusijidanganye kwamba shida yetu ni kunyamaza. Niliongea na shemeji, akanishauri niuze kipande cha parseli, na mwenye kununua alikuwa yeye. Niliongea na mtu wa kanisa, akaniambia mlango umefungwa kwa sababu fungu la kumi halikamiliki. Niliongea na kijana wa mikopo midogo, kijana mzuri, mwenye shati safi, akanieleza vizuri kabisa namna mkopo wake utakavyofunga mikopo mingine, na mimi sikujua kwamba yeye anahesabiwa kazi kwa idadi ya mikopo anayoitoa. Niliongea hata na mwenye kunikopesha. Yeye ndiye alikuwa na maneno matamu kuliko wote: "Papa, usisumbuke. Ongeza tena kidogo, utapumua."

Si watu wabaya. Shemeji alitaka parseli kweli, na angeilipa. Lakini kila mmoja wao alipofungua mdomo, tayari alikuwa na jibu linalomfaa yeye. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na haya, nilimwambia kila mmoja nusu ya hesabu. Nusu tofauti kwa kila mtu. Kwa hiyo hakuna mtu Kisangani nzima aliyejua deni langu lote, hata mimi mwenyewe.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja, muhasibu wa zamani aliyekwisha kupumzika kazi, anakaa ngambo, Lubunga. Si ndugu yangu, si wa kabila langu, si wa kanisa langu. Mwenzangu alinipeleka. Nilivuka kwa mtumbwi nikiwa na daftari la mtoto la shule. Mzee alinipa kiti, akaniuliza mambo manne. Nini inaingia? Nini inatoka? Unadaiwa na nani na nani, wote, hata yule wa 5,000 franka? Na ya nne: "Mutoto yangu, hii deni yako ni ya feza, ao ni ya haya?"

Nililia kidogo, niseme ukweli. Kwa sababu deni la feza lilikuwa moja tu, lile la kwanza. Mengine yote yalikuwa ya haya. Nilikopa ili mchango wangu wa matanga usisomwe chini kuliko wa wadogo wangu. Nilikopa ili wanafunzi wasinione nikitembea kwa miguu, nipande toleka kama watu.

Hakunikopesha. Hakuniombea. Hakuniambia habari ya mradi wa kuku. Tuliandika majina ya wadai wote kufuatana na faida wanayotoza, ya juu kabisa kwanza. Akaniambia nimwendee kila mmoja mwenyewe, peke yake, nimwambie hesabu kamili na tarehe. Ilichukua miezi kumi na moja. Hakuna muujiza humo. Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu ambaye, nikifanikiwa ao nikishindwa, hapati kitu. Ndiyo sababu nilimwambia yote.

Sasa mtaona kwa nini siku ile nilisema neno lile mbele ya shuka nyeupe.

Jambo hili halikuanzishwa na watu wenye tumbo limeshiba. Uingereza, mwezi Septemba 1939, mara tu baada ya vita kutangazwa, walifungua mabiro 200 ya kushauri raia bure. Watu walipoteza nyumba, bwana yuko vitani, deni liko palepale. Mabiro hayo yanaitwa Citizens Advice na yapo mpaka leo. Mtu anaingia, anakaa na mwingine asiyemdai na asiyemuuzia kitu. Ubelgiji, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, kuna sheria ya tarehe 5 Julai 1998: mtu aliyezama ndani ya madeni anaweza kumwendea jaji, na jaji anaweka mpatanishi kati yake na wadai wote kwa pamoja. Na CPAS za kule zina watu wa kazi hiyo. Waliona kwamba mwenye shida ya feza amezungukwa na watu wenye upande. Wakaona lazima kuwe na mmoja asiye na upande, na kazi yake ijulikane.

Kwetu tuna mambo mazuri ambayo wao hawana. Likelemba inafanya kazi bila karatasi ya notari. Karte ya akiba nayo: unaweka hesabu moja kila siku, mwenye kukusanya anachora kisanduku, mwisho wa mwezi anabaki na ya siku moja kama malipo yake. Watu wanajua bei ya huduma tangu mwanzo. Lakini likelemba haikuulizi hata siku moja: zamu yako ikifika, utazifanyia nini? Wala haipaswi kuuliza. Duara ni kwa kuchanga. Si mahali pa kufungua roho.

Na kukosa kiti hicho cha tatu kuna gharama. Wazee wetu wanakumbuka Bindo, Kinshasa, mwaka 1991. Watu waliuza friji na magari, wakapeleka feza kwa sababu jirani alipeleka na akalipwa mara nyingi zaidi. Kila mtu aliongea juu ya Bindo, sokoni, kazini, ndani ya basi. Hakukosekana mazungumzo. Alikosekana mtu mmoja asiyekuwa ndani.

Sasa nirudie jibu la Mkubwa wetu. "Hiyo ni maneno ya mtu mwenye miguu yote mbili." Maana yake: wahanga wanahitaji malipo, si mashauri. Ukimletea mshauri mtu asiye na feza, unamtukana. Unamwambia umasikini wake unatoka kwa ujinga wake. Mkubwa, hapo una haki, na nusu ya semina za maendeleo tulizokaa hapa mjini zinastahili jibu lako. Mtu anayetufundisha bajeti kabla ya kutulipa mshahara anatucheka. Filamu ya Hamadi ina haki ya kusema kwanza: lipeni. Mpangilio ni huo, na mimi siugeuzi.

Lakini angalia nini inafuata. Siku feza ya mhanga inapofika, hafiki peke yake kwenye dirisha. Anafika na wale waliomsindikiza, wale waliomwandikia karatasi, wale waliomlisha miaka yote hiyo, na wale waliokuwa wanasubiri nyuma ya ukuta. Wengine wana haki. Wengine hawana. Nani atamsaidia kuwatenganisha? Kumwacha peke yake siku ile kwa jina la heshima, hiyo pia si heshima.

Na hapa nafika kwa jambo ambalo sikulisema siku ile kwa sababu nilikuwa na haya.

Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Kipande cha chuma kiliingia pajani mwake mwezi Juni 2000, Kabondo, akiwa na ndoo ya maji kichwani. Anatembea, lakini kwa kuvuta mguu. Jina lake limeandikwa, anangoja zamu yake. Mwaka jana alikuja kwangu siku ya Jumapili, akakaa, akangoja bibi yangu aende jikoni. Kisha akasema pole: "Mutoto yangu, wewe ulisoma. Ile franga ikikuja, nifanye nini nayo?"

Nilianza kumjibu. Nilijibu vizuri sana, kama mwalimu. Nilimwambia kitu cha kwanza ni nyumba, kwa sababu nyumba haipotei. Nilimwambia paa la parseli ya familia limeoza, na akiweka mabati pale, atakuwa na chumba chake mpaka kufa. Alikuwa anatikisa kichwa. Na nilipokuwa nasema hivyo, niliona mwenyewe: parseli ile ninaishi mimi. Paa lile linavuja juu ya kitanda changu. Mabati yale nilikuwa nimeyahesabu zamani, kabla hajafungua mdomo.

Sikuwa mwongo. Mabati ni shauri zuri. Lakini nilikuwa nimekuwa shemeji wangu.

Basi nikanyamaza. Nikamwambia: "Mama, mimi sifai kukushauri kwa hii. Mimi niko na njaa ndani yake." Alicheka, akadhani ni mchezo. Wiki iliyofuata nilimvusha ngambo kwa mzee. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi kukaa chini ya mti wa maembe na watoto wa jirani. Walikaa zaidi ya saa moja. Alipotoka alikuwa na daftari ndogo, ameifunga ndani ya kitambaa cha pagne. Ndani ya mtumbwi nilimuuliza: "Mlisema nini?" Akaangalia maji. "Tulisema," akajibu.

Mpaka leo sijui mlikuwa nini ndani ya daftari ile. Ilinikasirisha siku tatu, nikajiuliza kama zile feza zitafika kwa familia ao hapana. Kisha nikaelewa kwamba hasira yangu ndiyo ilionyesha kazi ilifanyika vizuri.

Mtaniuliza: je, yuko kweli mtu asiye na upande? Mzee wa Lubunga naye ana mawazo yake, ana kabila lake, ana kanisa lake. Ndiyo. Hakuna mtu aliyetoka mbinguni. Pia mgeni anaweza kukosea kwa upande mwingine. Hajui uzito wa mama mzazi aliyebaki kijijini, anaweza kukuambia "acha kutuma" kama vile ni kufunga bomba. Mzee hakuniambia niache kuchanga matanga. Aliniuliza tu ninachanga kwa ajili ya marehemu ao kwa ajili ya wale wanaosikiliza orodha. Kwa hiyo sisemi tutafute malaika. Nasema tutafute mtu ambaye hapati kitu, anayetunza siri, na anayeuliza kabla ya kujibu. Watu hao wako. Kati yetu wako wengi.

Hapo narudi kwa filamu na hukumu yangu. "En route pour le milliard" inabaki, kwangu mimi, kazi bora kabisa iliyofanywa juu ya mji huu. Ilituonyesha namna watu waliovunjwa wanavyoweza kusimama kwa pamoja. Kasoro yake ni ile ile ya mji wenyewe: inaamini kwamba yanayosemwa mbele ya wote ndiyo yote. Ningependa Hamadi arudi. Asirudi na mashua. Arudi na chumba kidogo, meza, viti viwili, mhanga mmoja na orodha yake, na kamera inayojua wakati wa kutoka nje na kufunga mlango.

Lakini tusimngojee. Sisi ni chama cha wahitimu. Tuna wahasibu, tuna wanasheria, tuna watu waliofanya kazi banki miaka ishirini. Kila mwezi tunakusanya mchango wa matanga na wa ndoa, na hesabu inasomwa kwa sauti. Mimi naomba kitu kimoja kisichosomwa kwa sauti. Wenzetu watano ao sita wajitolee Jumamosi moja kwa mwezi. Mtu anakuja na daftari lake, wanakaa wawili. Kanuni ziwe tatu. Asiyesikiliza bure asisikilize. Asiyeweza kunyamaza asisikilize. Na hakuna mtu atakayemsikiliza ndugu yake mwenyewe: mama mdogo wangu aende kwako, na shangazi yako aje kwangu.

Mkubwa wa Sheria, jina lako nimeliweka la kwanza kwenye orodha, usikasirike. Wewe uliona haraka kuliko wote kwamba maneno yangu yanaweza kuwa matusi. Mtu anayeona hivyo ndiye anafaa kukaa kwenye kiti cha pili.

Wengine mnasemaje?